Nyanya Tamu Katika Kiangazi Kifupi

Mazungumzo yaliyotolewa kwa familia za jumuiya katika mkutano wa mwezi wa kumi, wakati wa maandalizi ya sherehe zetu za Uhuru

  

Kamati iliniomba nizungumze juu ya shinikizo la damu, kwa kuwa mimi ni muuguzi na shahada yangu niliisomea hapahapa Uingereza. Jambo hilo nimelizungumza katika ukumbi huu zaidi ya mara moja. Kila mara mmenisikiliza kwa heshima, mkanipigia makofi, kisha tumekwenda pamoja kwenye meza ya chakula na kila mtu ameomba apitishiwe chumvi. Kwa hiyo leo nimeamua kuingilia mlango wa nyuma. Nitazungumza juu ya nyanya, au tungule, kama wasemavyo ndugu zetu wa Visiwani.

Nisikilizeni vizuri hapa. Nyanya ya dukani katika nchi hii, hasa wakati wa baridi, ni nyekundu kwa macho lakini mdomoni ni maji. Sasa dada yangu anapika mchuzi. Kakaanga kitunguu, katia nyanya tatu, kaonja: hamna kitu. Anatia kijiko cha nyanya ya kopo. Anatia kidonge cha mchuzi, anaonja, anatia cha pili. Halafu ndipo anatia chumvi, kama vile vidonge vile havikuwa na chumvi. Mtu mzima hapa anashauriwa asizidishe gramu 6 za chumvi kwa siku, na hizo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na iliyomo ndani ya mkate. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 3. Tena sisi wenye asili ya Kiafrika tumo katika kundi lililo na hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu. Sidai kwamba nyanya inatibu presha. Anayetumia dawa aendelee nazo. Ninachosema ni kwamba chakula chenye ladha yake hakiombi chumvi nyingi, na katika mapishi yetu ladha nyingi huanzia kwenye nyanya.

Basi kwa nini nyanya ya dukani haina ladha? Utamu wa nyanya ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: sukari, uchachu, na harufu. Sukari peke yake inakupa kitu kama maji ya glukosi, na uchachu peke yake unakupa ndimu. Harufu ndiyo inayokufanya useme, naam, hii ni nyanya. Mkulima mkubwa anayeuzia maduka hachagui aina kwa harufu. Anachagua inayozaa sana, inayofanana ukubwa, yenye ngozi ya kustahimili safari na isiyobonyea kwenye boksi. Mara nyingi huichuma kabla haijaiva sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walilieleza mwaka 2012. Nyanya nyingi za zamani, zikiwa bado mbichi, zilikuwa na mabega ya kijani kilichokolea karibu na kikonyo. Wazalishaji wa mbegu hawakuyapenda mabega hayo, kwa sababu yalifanya tunda liive kwa rangi isiyolingana. Kwa miaka mingi wakachagua nyanya zinazoiva rangi moja tunda zima. Ikaja kuonekana kwamba ukijani ule ulikuwa unalisaidia tunda lenyewe kutengeneza sukari. Walipouondoa kwa ajili ya sura, utamu nao ukapungua. Kwa hiyo mkiona kwenye bustani yenu nyanya ina mabega ya kijani, msidhani ni ugonjwa.

Najua mnachofikiri: nyanya za nyumbani ndizo nyanya. Mtu anazikumbuka ndoo zilizojaa na kutuna pale Ilula, kando ya barabara ya Iringa, na kinywa kinajaa mate. Mimi pia hunijaa. Lakini tuseme ukweli. Nyingi ya aina tunazolima nyumbani nazo zimechaguliwa kwa ugumu. Tanya na Tengeru 97, iliyopewa jina la Tengeru yetu ya Arusha, zinasifiwa kwa ngozi ngumu na kwa kukaa muda mrefu baada ya kuchumwa, kwa sababu lazima zisafiri ndani ya tenga juu ya lori hadi Dar es Salaam. Na ile Moneymaker ambayo wazazi wetu walipanda miaka na miaka, asili yake ni hukuhuku Uingereza! Kilichozipa ladha ni jua, na kwamba zilikaa kwenye mti hadi zikaiva, zikaliwa siku mbili tatu baadaye. Jua la Ilula hatuwezi kulileta, lakini nyanya iliyoivia kwenye mti hadi siku ya mwisho tunaweza kuipata hata kwa ndoo moja mlangoni.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, msibebe mbegu za nyanya kwenye mabegi mkitoka likizo. Mbegu hizo haziruhusiwi kuingia bila cheti cha afya ya mimea, kwa sababu kuna virusi vya nyanya vinavyosafiri ndani ya mbegu. Na hata zikipita, mtajikuta mmepanda aina iliyozoea joto la muda mrefu katika nchi ambayo kiangazi chake kinaweza kwisha siku ya Alhamisi.

Tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kanuni yangu ni moja: kadiri tunda linavyokuwa dogo, ndivyo linavyokuwa na nafasi ya kuwa tamu katika nchi hii. Nyanya ndogo huiva mapema, na sukari yake haitawanyiki kwenye maji mengi. Nyanya kubwa ya kukata slesi inahitaji wiki nyingi za joto, na hapa mara nyingi wiki hizo hazipo.

Kama mnataka jina moja tu, ni Sungold. Ni aina iliyotoka Japani, tunda dogo la rangi ya chungwa, na sijaona mtoto aliyeikataa. Ina kasoro mbili. Ngozi yake ni nyembamba, hupasuka mvua ikinyesha baada ya ukavu. Na ni mbegu chotara, kwa hiyo ukihifadhi mbegu zake mwaka unaofuata hutapata kitu kilekile. Itabidi ununue pakiti mpya. Wanaopenda nyekundu wajaribu Sweet Million, ambayo hutoa vishada virefu kama shanga. Gardener's Delight ni ya siku nyingi, na uchachu wake umelingana vizuri na utamu, nami naipenda kwa kachumbari kuliko Sungold, kwa kuwa kachumbari inataka kuchachuka kidogo. Ila mbegu zake siku hizi hutofautiana kati ya muuzaji na muuzaji. Black Cherry ina rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, na ladha nzito; hiyo si chotara, unaweza kuhifadhi mbegu. Watoto huiogopa rangi yake mara ya kwanza.

Brandywine ya Marekani ni kubwa na ladha yake ni ya ajabu, lakini huchelewa sana. Asiye na kibanda cha vioo au cha plastiki aiache. Moneymaker nayo, pamoja na heshima yote ya wazazi wetu, inazaa sana lakini ladha yake ni ya kawaida. Ukiwa na nafasi ya miche miwili tu, usiitumie kwa kumbukumbu.

Kwa mchuzi na rojo ni jambo jingine. Roma na San Marzano zina nyama nyingi na maji kidogo, hazihitaji kuchemka saa nzima. Ukizila mbichi utasema nimekudanganya, ukizipika utanikumbuka. Lakini hata Sungold na wenzake, zikizidi, huzipanga kwenye sinia na vitunguu saumu, mafuta kidogo, bila chumvi, zikachomwa kwenye oveni mpaka zinywee. Kijiko cha hizo ndani ya maharage kinafanya kazi ya vidonge viwili vya mchuzi. Na uchachu wa nyanya una vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mchicha. Akina mama wenye upungufu wa damu, hilo ni lenu.

Sasa kupanda. Mbegu ziwekwe ndani ya nyumba, dirishani, mwishoni mwa mwezi wa tatu hadi katikati ya mwezi wa nne kwa nyanya zitakazokaa nje. Mwenye kibanda anaweza kutangulia mwezi mzima. Msiharakishe. Mche ulioota mwezi wa pili dirishani hurefuka kama mtu anayechungulia ukutani, shina jembamba, rangi ya njano, na kabla hujautoa nje umeshachoka. Chombo cha mtindi kilichotobolewa chini kinatosha. Udongo wa dukani wa kuoteshea, mbegu chini ya udongo kama nusu sentimita, maji ya kulowanisha tu, joto la nyuzi 20 hivi. Zitaota baada ya wiki moja hadi mbili. Zikipata majani halisi mawili, kila mmoja uhamie chombo chake, na hapo uzamishe shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwa maana shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi.

Nje zisitoke kabla ya baridi kali ya usiku kwisha. Kusini mwa Uingereza ni mwisho wa mwezi wa tano, kaskazini ni mwezi wa sita. Kwa ndugu zetu wa Scotland, ningesema kibanda, au dirisha kubwa la kusini. Na kabla ya kuhama moja kwa moja, miche itolewe mchana na kurudishwa usiku kwa siku 7 hadi 10, izoee upepo, kama tulivyozoea sisi.

Mahali pa kuiweka ni pale jua linapopiga kwa saa 6 au zaidi kwa siku, na pazuri kuliko pote ni mbele ya ukuta unaotazama kusini, kwa sababu matofali hushika joto la mchana na kulirudisha usiku. Sukari ya nyanya hutengenezwa zaidi na majani kwa mwanga wa jua, kisha husafiri kuingia kwenye tunda. Kwa hiyo mnaonyofoa majani yote ili jua lifike kwenye tunda, mnafunga kiwanda kwa kutaka bidhaa. Toeni majani ya chini tu, yale yaliyo chini ya kishada kinachoiva, hewa ipite.

Asiye na bustani asinung'unike. Ndoo ya lita 15 iliyotobolewa chini inatosha mche mmoja, lita 20 ni bora zaidi. Kwenye balkoni ya ghorofa kuna aina fupi zinazoning'inia kwenye kikapu, kama Tumbler. Na anayetaka nafasi kubwa aandikishe jina halmashauri kwa ajili ya vile vishamba vya kukodi vyenye vibanda vya mbao, mnavyoviona mkipita na treni. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri nyingi kuvitoa pale watu wanapovihitaji. Foleni ni ndefu mahali pengi, na ndiyo sababu ya kujiandikisha sasa na si mwakani.

Aina ndefu zinahitaji mti wa kushikilia. Kila wiki angalia kwenye kwapa la jani: kuna chipukizi linalotaka kuwa shina jingine. Livunje kwa vidole likiwa dogo. Aina fupi za kichaka usiziguse. Nje, mche ukishatoa vishada vinne, kata ncha ya juu, ili nguvu iende kwenye matunda yaliyopo badala ya ahadi za mwezi wa tisa ambazo hazitatimia.

Mbolea ndipo wengi wanapopotea. Samadi nyingi na mbolea ya kukuzia majani zitakupa mti mzuri wa kupigia picha na nyanya chache zisizo na ladha. Kishada cha kwanza kikishaanza kufunga vitunda, anza kutia mbolea ya maji ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi, kila wiki au kila wiki mbili kama lebo inavyosema. Usizidishe ukidhani unaongeza utamu.

Maji yanataka usawa. Mche kwenye ndoo wakati wa joto hunywa kila siku. Ukiuacha ukakauka siku tatu kisha ukaumwagia ndoo nzima, matunda yatapasuka, au yataoza kitako, yaani lile doa jeusi la chini. Watu hukimbilia kununua dawa ya doa lile, na mara nyingi tatizo ni ratiba ya maji tu, kwa sababu kalisi haifiki kwenye tunda mizizi ikikaukiwa. Matunda yakianza kuiva, punguza maji kidogo, lakini usikate ghafla. Tunda lililonyweshwa mno linakuwa kubwa na zuri, na ladha yake imechujuka.

Adui mkubwa hapa ni bakajani chelewa. Ni ugonjwa uleule uliofagia viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Huja na siku za joto na unyevu, hasa kuanzia mwezi wa saba, na unaweza kumaliza mti kwa siku chache: majani yanapata mabaka ya kahawia, shina linaweusika, tunda linakuwa na doa gumu. Mwagilieni chini kwenye udongo, majani yabaki makavu, na miche isibanane. Waliochoka kupoteza nyanya kila mwaka wapande Crimson Crush au Mountain Magic, ambazo zimezalishwa kuhimili ugonjwa huu. Mountain Magic hasa ni tamu. Ugonjwa ukiingia, chumeni mara moja matunda yote yasiyo na doa, hata ya kijani. Nyanya mbichi ni achari nzuri mno, waulizeni mama zetu wa Tanga.

Kuchuma: subiri. Rangi ikikamilika, mpe siku mbili zaidi. Likiachia kikonyo kwa kuguswa kidogo tu, limefika. Na tafadhalini, nyanya isiingie kwenye friji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba nyanya iliyokaa siku 7 katika nyuzi 5 hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake. Sukari inabaki, harufu inaondoka, na hata ukiitoa ikae nje siku nzima hairudi yote. Bakuli juu ya meza linatosha.

Kuna mambo machache ya kiuguzi, maana sikuliacha joho langu nyumbani. Nyanya ndogo ni tunda la mviringo, laini na la kuteleza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano linaweza kuziba njia ya hewa. Likateni kwa urefu mara nne kila moja, hata kama anasema yeye ni mkubwa. Majani na mashina hayaliwi. Anayeugua figo na kaambiwa apunguze potasiamu, aulize kwanza kiasi anachoruhusiwa, kwa kuwa nyanya ina potasiamu. Na wenye kisukari wasiliogope neno tamu: nyanya ya kawaida ina sukari kama gramu 3 katika gramu 100, wakati kopo moja la soda ya kola yenye sukari, la mililita 330, lina kama gramu 35.

Na wazee wetu. Wengi tumewaleta baba na mama kuja kukaa nasi, tukaenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, wajukuu wakaenda shule, na mzee aliyekuwa na shamba la migomba akabaki na televisheni ya lugha asiyoielewa. Mpeni ndoo nne za nyanya. Msimfundishe sana, anajua kupalilia kabla hatujazaliwa. Mweleze tu tarehe za baridi na mahali mpira wa maji ulipo. Mjukuu akirudi shule ndiye wa kumsomea lebo ya mbolea, na babu ndiye wa kumwonyesha chipukizi la kuvunja. Hapo Kiswahili cha mtoto kitaongezeka bila darasa la Jumamosi, maana babu hawezi kusema kwapa la jani kwa Kiingereza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pakiti za mbegu ziko kwenye meza ile karibu na mlango, Sungold, Gardener's Delight na Black Cherry. Kila familia ichukue pakiti moja, na anayechagua awe mtoto. Andikeni jina kwenye daftari pamoja na aina mliyochukua. Mwezi wa nane mwakani, siku ya matembezi ya jumuiya, kila nyumba ilete bakuli moja, tuonje bila chumvi, watoto ndio wapige kura. Mwenye swali aniulize sasa, au anifuate kwenye chai.